GRADIUS NA SOMO LA KUFUFUKA

 

Muhula uliopita katika mjadala wetu wa Ijumaa, mwenzetu mmoja alisimama akadai kwamba gemu za runinga hazina la kutufunza, na kwamba hata zikiwa nalo, Kiswahili hakina maneno ya kuzieleza. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, ingawa moyoni nilikuwa na langu. Usidharau kibiga, huenda kikawa na tembo. Leo nimeshika kalamu nikieleze kibiga kimoja kilichotoka Japani, kisha msomaji uamue mwenyewe kama kina kitu ndani.

1. DISKI YENYEWE

Mjomba wangu alisoma Japani katika miaka ya 1990 kwa ufadhili. Aliporudi nyumbani alibeba vitabu, koti zito ambalo hajalivaa tena, na mashine ya PlayStation ya rangi ya kijivu. Mashine hiyo inataka umeme wa volti 100 na wetu ni 240, kwa hivyo imekaa miaka yote hii karibu na transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Ukisahau transfoma, kwaheri mashine.

Diski iliyokuwa ndani inaitwa Gradius Deluxe Pack. Ilitolewa na kampuni ya Konami mwaka wa 1996, na iliuzwa Japani tu, kwa mashine ya PlayStation na mshindani wake wa wakati huo, Sega Saturn. Ndani ya diski moja mna gemu mbili za kupiga risasi: Gradius ya mwaka wa 1985 na Gradius II ya mwaka wa 1988. Zote mbili hazikuzaliwa sebuleni. Zilizaliwa katika kumbi za michezo za Japani, ndani ya makabati makubwa yenye skrini, ambapo mchezaji hutumbukiza sarafu ya yeni 100 ndipo acheze. Nje ya Japani ile ya kwanza iliitwa Nemesis, na ya pili Vulcan Venture.

Diski ya namna hii ni kama diwani ya mashairi. Mtungaji haleti shairi jipya. Anakusanya yale ya zamani yasipotee, na kuyaweka mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuyafikia.

2. NAMNA YA KUCHEZA

Wewe ni rubani wa chombo cha angani kiitwacho Vic Viper. Dunia inasogea kutoka kulia kwenda kushoto, nawe unaruka ukikabili jeshi la Bacterian. Ukiguswa na risasi moja, umekufa. Ukigusa mwamba, umekufa vilevile.

Mwanzoni chombo chako ni dhaifu. Kinatambaa kama kinyonga na kina bunduki moja tu. Lakini ukiangamiza kundi zima la maadui, au adui mwenye rangi nyekundu, anaangusha kidonge. Hapo ndipo ufundi wa Gradius ulipo. Chini ya skrini pana ngazi yenye vidato sita: kasi, kombora, bunduki pacha, leza, kivuli na ngao. Kila kidonge chekundu ukiokotacho kinasogeza taa kidato kimoja mbele. Silaha huipati hapo hapo. Unaipata unapobonyeza kitufe, na ukibonyeza, taa inazimika na hesabu inaanza tena.

Kwa hivyo kila kidonge ni swali. Una kimoja: je, ununue kasi sasa, au ungoje? Una vinne: je, uchukue leza, au uvumilie kimoja zaidi upate kivuli? Ukiwa bahili mno, utakufa na akiba yako mkononi. Ukiwa mtumiaji mno, utajaza kasi mpaka chombo kikushinde, ujigonge ukutani mwenyewe. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Hicho nilichokiita kivuli ndicho silaha tamu kuliko zote. Ni kidude cha duara kinachong'aa na kukufuata nyuma, kikipita palepale ulipopita, na kupiga kila unachopiga. Maadui hawawezi kukidhuru. Unaweza kuwa na vivuli vinne. Mchezaji mwenye leza na vivuli vinne huwa mtu mmoja mwenye mistari mitano ya moto. Waama, hapo ndipo kiburi huingia.

Gradius II iliongeza uchaguzi. Kabla ya kuanza, unachagua mpangilio mmoja wa silaha kati ya minne, na ngao moja kati ya mbili. Hatua yake ya kwanza ina majua madogo yanayowaka, na humo hutoka majoka ya moto. Ile Gradius ya kwanza nayo ina milima miwili inayotapika mawe, na hatua nzima ya sanamu za Moai, zile zinazofanana na za kisiwa cha Pasaka. Sanamu hizo hutema pete kutoka vinywani, na humpigi adui huyo popote ila mdomoni, anapoufumbua. Muziki wa gemu hiyo ya kwanza ulitungwa na mwanamke aliyekuwa bado kijana, Miki Higashino. Mpaka leo mjomba huupigia mluzi anapoosha gari.

3. SAFARI KUTOKA UKUMBINI HADI SEBULENI

Gradius ya mwaka wa 1985 ilihifadhiwa kwa njia ya ajabu. Konami waliiweka katika aina ya hifadhi iliyotumia viputo vya sumaku. Viputo hivyo havikufanya kazi vikiwa baridi. Asubuhi mwenye ukumbi alipowasha mashine, ilimbidi angoje ipate joto, huku skrini ikihesabu nambari kurudi nyuma na wimbo mpole ukichezwa. Wimbo huo ulijulikana kama muziki wa asubuhi. Fikiria, msomaji: gemu inayoamka polepole kama mtu anayeota jua kabla ya kwenda shambani!

Hifadhi hiyo ilikuwa ghali na dhaifu. Sumaku kali ingeweza kuiharibu. Baadaye gemu hiyo ilitolewa kwa vibao vya kawaida visivyohitaji kupashwa joto.

Mwaka wa 1986 Gradius iliingia nyumbani kwa mara ya kwanza kupitia mashine ya Nintendo iliyoitwa Famicom. Lakini mashine hiyo haikuwa na nguvu za kabati la ukumbini. Vivuli vinne vikapunguzwa vikawa viwili. Leza ndefu ikawa vipande vifupi. Ilikuwa kama kuimba wimbo wa kwaya ukiwa na watu wawili: wimbo ni uleule, lakini sauti nyingine inabidi uzikumbuke mwenyewe.

Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1996, mambo yalikuwa yamegeuka. CD moja ya PlayStation ilibeba zaidi ya megabaiti 600, ilhali gemu yenyewe ya ukumbini haikufikia hata megabaiti moja. Sasa nyumba iliweza kubeba ukumbi. Vivuli vinne vilirudi. Leza ilirudi na urefu wake. Hapo ndipo thamani ya Gradius Deluxe Pack ilipo: mtu aliyekuwa akipanga foleni ukumbini akiwa kijana aliweza kuucheza karibu mchezo uleule akiwa amekaa kwenye mkeka wake.

Karibu, nimesema. Kuna kitu kimoja ambacho CD haikukibeba, nacho ndicho kiini cha makala haya.

4. KUFA NA KUFUFUKA

Katika gemu nyingi ukifa unaendelea palepale na silaha zako au baadhi yake. Katika Gradius sivyo. Ukifa, unarudishwa nyuma mahali maalumu, na unanyang'anywa kila kitu. Kasi, leza, ngao, vivuli, vyote vimekwenda. Una chombo kilekile kinachotambaa kama kinyonga, lakini sasa hauko mwanzoni penye maadui wawili watatu. Uko katikati ya vita.

Ndiyo maana wachezaji wa Japani walikuwa na neno lao maalumu: fukkatsu, yaani kufufuka. Kwao kufufuka kulikuwa somo zima, lenye mbinu na mazoezi yake. Maadui wa Gradius hutokea mahali palepale na kwa utaratibu uleule kila mara. Kwa hivyo mchezaji mzuri alikariri: nikirudishwa hapa, adui mwekundu wa kwanza yuko wapi? Kidonge cha kwanza nikitumie kwa kasi au nikiweke? Nikae juu au chini mpaka nipate kombora? Kumaliza hatua ukiwa na vivuli vinne kulikuwa jambo la kawaida. Aliyeheshimiwa ni yule aliyeweza kufa katikati ya Moai na bado akatoka.

Isitoshe, hata waundaji waliona ugumu huu. Kazuhisa Hashimoto, aliyeshughulikia Gradius ya Famicom mwaka wa 1986, alieleza kwamba gemu ilikuwa ngumu mno kwake kuijaribu. Akajiwekea mlango wa siri: simamisha gemu, kisha bonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Papo hapo unapata karibu silaha zote. Mlango huo ulibaki ndani gemu ilipouzwa, na Konami wakautumia katika gemu nyingine nyingi, hata ukawa maarufu duniani kote. Hashimoto alifariki mwaka wa 2020, na mashabiki wengi wakamkumbuka kwa vitufe hivyo kumi.

Lakini angalia vizuri. Mlango wa Hashimoto unakupa silaha. Haukupi ujuzi wa kuishi bila silaha. Ukifa baada ya kuutumia, uko mtupu kama wengine.

5. YALIYOTUPATA LIKIZONI

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa mjomba pamoja na dada yangu mdogo, ambaye yuko Gredi ya 8. Mjomba akaitoa ile mashine, akaipangusa vumbi, akachomeka transfoma. Tukaanza.

Kufikia siku ya tatu nilikuwa hodari wa hatua ya kwanza. Niliijua kama njia ya kwenda kisimani. Leza, vivuli, milima ikitapika, napita. Nikifika kwenye Moai nafa. Nikifa nabonyeza kitufe, naanza gemu upya kutoka mwanzo, kwa sababu nani anataka kuhangaika na chombo kilicho uchi? Wiki nzima ilipita hivyo. Nilikuwa na ujuzi mkubwa wa hatua mbili na sikujua chochote kuhusu ya tatu.

Jioni moja mjomba aliketi nyuma yangu akinywa chai. Nikafa, nikaanza upya. Nikafa, nikaanza upya. Mwishowe akasema, "Mpwa wangu, mbona kila ukianguka unaondoka?"

Nikamwambia, "Siondoki, mjomba, naanza tena."

"Ndiko kuondoka kwenyewe," akasema. Kisha akatuambia kwamba alipokuwa mwanafunzi huko Japani, yeni 100 ilikuwa sehemu ya chakula chake cha mchana. "Nikishaitumbukiza hiyo sarafu, hata nikifa na kubaki na chombo kitupu siwezi kuinuka. Chakula changu kiko mle ndani! Nilibaki nikahangaika hadi chombo cha mwisho kiishe. Ndivyo nilivyojifunza kufufuka. Nyinyi hamlipi kitu, kwa hivyo hamjifunzi kitu."

Kesho yake akaweka bakuli juu ya runinga, na ndani yake sarafu tatu za shilingi kumi. Kanuni ikawa hii: kila gemu mpya ni sarafu moja kutoka bakulini kwenda mfukoni mwake. Zikiisha tatu, mashine inazimwa mpaka kesho. Lo! Nilinung'unika. Niliona ni uonevu mtupu.

Lakini usiku ule nilipofika kwa Moai na kufa, sikuanza upya. Nilibaki. Nilitambaa na kile chombo changu cha kinyonga, nikafa tena. Mara ya pili niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona wiki nzima: mahali kidonge cha kwanza kilipokuwa. Kilikuwa pale siku zote. Sikuwahi kukaa uchi kwa muda wa kutosha kukiona.

Dada yangu alikuwa mbele yangu. Yeye alichukua daftari akachora kila hatua, akitia alama ya nukta nyekundu mahali penye vidonge baada ya kufa. Siku ya nne ya kanuni ya sarafu alikufa kwenye Moai, akafufuka, akakusanya kasi moja, kombora, kisha kivuli kimoja, akavuka. Alikuwa na kivuli kimoja tu! Mimi nilikuwa nimefika pale mara ishirini na vivuli vinne, na sikuvuka hata mara moja.

6. GEMU NA KARATASI YA HISABATI

Sasa naomba niseme jambo ambalo si rahisi kulisema mbele ya walimu. Muhula wa kwanza nilipata D katika Hisabati. Mwalimu alidhani sisomi. Kusoma nilikuwa nikisoma. Tatizo langu lilikuwa kwamba nilijua sura tatu za kwanza za kitabu vizuri mno. Kila nilipokwama katika sura ya nne, nilirudi ya kwanza "kujikumbusha". Raha ilioje kufanya swali unalolijua! Na katika mtihani, swali moja likinishinda nilihisi kwamba karatasi nzima imeharibika. Niliweka kalamu chini, nikangoja mtihani ujao nianze vizuri.

Ndiko kuanza upya huko. Nilikuwa nikiita bidii.

Mtihani wa muhula wa tatu swali la pili lilinishinda kabisa. Nilihisi vivuli vyangu vyote vimekwenda. Nikajiuliza, kidonge cha kwanza kiko wapi? Kilikuwa swali la tano, sehemu ya kwanza, alama mbili. Nikazichukua. Kisha nyingine tatu katika swali la saba. Sikupata A, ndugu msomaji, na sitakudanganya. Nilipata C. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoa karatasi ambayo nilikuwa nimeandika hadi ukurasa wa mwisho.

HITIMISHO

Gradius Deluxe Pack iliweza kubeba vivuli, leza, milima na muziki kutoka ukumbini hadi nyumbani. Kitu pekee kilichoachwa mlangoni ni sarafu, na sarafu hiyo ndiyo iliyomfanya mchezaji akae na hasara yake mpaka aielewe. Mambo mengi yaliyo bure kuanza upya yako hivyo: daftari jipya, ratiba mpya ya kusoma, azimio jipya la Januari. Kuanza upya kunapendeza kwa sababu kunakupeleka mahali unapopajua tayari. Kufufuka kunakuacha palepale ulipoangukia.

Kwa hivyo anayecheza nyumbani, au anayesoma nyumbani, ajiwekee bakuli lake la sarafu. Na yule mwenzetu wa mjadala wa Ijumaa, namwomba ahesabu: nimeeleza gemu nzima, na Kiswahili hakijaniangusha.

MSAMIATI TULIOUTUMIA

Kidonge: kitu chekundu kinachoangushwa na adui, ambacho husogeza taa ya ngazi.
Ngazi ya silaha: vidato sita vilivyo chini ya skrini.
Bunduki pacha: silaha inayopiga mbele na juu kwa pamoja. Huwezi kuwa nayo pamoja na leza.
Kivuli: kidude kinachomfuata mchezaji na kupiga pamoja naye.
Kufufuka: kujijenga tena kutoka mahali ulipofia, bila kurudi mwanzo wa gemu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mwandishi anafananisha diski ya mwaka wa 1996 na diwani ya mashairi? Taja tofauti moja kati ya vitu hivyo viwili.
2. Eleza kwa maneno yako hatari ya kuwa bahili wa vidonge na hatari ya kuwa mtumiaji wake.
3. "Ndiko kuondoka kwenyewe." Mjomba alikuwa na maana gani? Je, unakubaliana naye?
4. Andika insha ya ukurasa mmoja kuhusu jambo uliloliacha na kulianza upya mara nyingi. Onyesha kidonge cha kwanza kilikuwa wapi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu